Mstari wa Subilaga

Katika nyumba ya Tusekile kulikuwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo aliishi nyuma ya sikio la kushoto la mumewe. Hakula, hakulala, hakugombea jiko. Lakini Ambokile alipoinuka kitini, mguu wake wa kulia ulitii amri zilizoandikwa na Subilaga. Alipofunga vifungo vya shati, vidole vilifuata vipimo vya Subilaga. Hata alipotamka jina la mke wake wa sasa, sauti ilipita kwanza katika njia zilizochimbwa na mke wake wa zamani.

Kiharusi ndicho kilichomleta. Kilipomwangusha Ambokile, kilikula sehemu ya ubongo inayoshughulika na mwendo na maneno, na madaktari wakaziba pengo kwa kipandikizi kisichozidi punje ya mahindi. Ndani ya punje waliweka mfumo wa Linux, kama walivyofanya kwa kila mgonjwa wa aina yake, kwa sababu msimbo wake uko wazi na fundi yeyote anaweza kuukagua. Kumbukumbu za Ambokile zilibaki katika nyama yake mwenyewe. Kipandikizi kilishika namna tu: namna ya kutembea, namna ya kushika kijiko, namna ya kusema. Sheria ilitaka kila kipandikizi kiwe na mlezi mmoja mwenye ufunguo mkuu. Mlezi wa kwanza wa Ambokile alikuwa Subilaga, mhandisi, wakati huo mke wake.

Subilaga alipoondoka katika ndoa, ufunguo ulirudi kliniki ya Tukuyu, na kliniki ikamkabidhi fundi wake, Tusekile. Makabidhiano yalikuwa mafupi. Mlezi wa zamani alitamka jina lake mbele ya mashine, mlezi mpya akatamka lake, mashine ikabadilisha sauti inayoitambua kuwa ya mlezi. Subilaga alichukua mkoba wake, akamtazama yule binti wa kliniki kwa muda, akasema, "Atakusikiliza," kisha akaenda zake.

Ambokile alimsikiliza kweli. Ndiyo sababu, baada ya mwaka wa kuja kupimwa, fundi na mgonjwa wakaoana, na Tusekile akaacha kumhudumia kama mtumishi wa kliniki na kuanza kumlea kama mke.

Sasa toleo la mfumo wake lilikuwa linafikia mwisho wa kuhudumiwa. Mwezi ukiisha, hapatakuwa na mtu wa kuziba nyufa zake, na mfumo wenye nyufa kichwani mwa mtu ni mlango usio na komeo.

"Eleza tena," alisema Ambokile. "Polepole, kama unamweleza mtu wa kuonja chai."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuonja chai kiwandani. Walikuwa wamekaa barazani, mvua ikipiga bati kwa ile sauti ya Tukuyu ambayo mgeni huiita kelele na mwenyeji huiita kimya.

"Njia ni mbili," Tusekile alisema. "Ya kwanza ni kupandisha toleo. Mfumo mpya unaingia juu ya wa zamani, na mipangilio yako yote inahama nao. Ni kama kuhamia nyumba mpya na vyombo vyako vyote, na mende wako. Ya pili ni kusakinisha upya. Tunafuta mpaka msingi, tunaweka mfumo safi, halafu tunakufundisha upya kutembea na kushika vitu. Wiki tatu za tabu, kisha unakuwa na kitu kisicho na takataka."

"Na hatari?"

"Tumeruka matoleo matatu. Kupandisha kutoka mbali hivyo kunataka hatua kwa hatua, na popote pale inaweza kukwama faili moja ya zamani isiyopatana na mpya. Pia kuna vifurushi vya programu ambavyo havikutoka katika hazina rasmi." Aliweka kikombe chini. "Vya Subilaga. Alivitengeneza mwenyewe. Mfumo mpya utavikataa mpaka yeye avitie saini upya. Vitabu vyote vinasema kusakinisha upya ni salama zaidi."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Tusekile alikuwa mtu wa kweli zinazopimika, na hilo ndilo lililomsumbua: safari hii kweli ilikuwa imesimama upande uleule wa wivu wake, bega kwa bega, na hakuweza tena kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa ikizungumza.

Ambokile alinyamaza.

Huu ukimya wake haukuwa mrefu. Mtu mwingine asingeuona. Tusekile alikuwa ameuona tangu wiki za mwanzo kule kliniki: kila alipomaliza kusema, Ambokile aliyaacha maneno yake yatue kwanza, kama anavyoiacha chai ikae ulimini, ndipo akajibu. Tusekile alikulia katika nyumba ya kaka watano ambako sentensi ya msichana ilikuwa mali ya yeyote aliyeidaka. Hakuna aliyewahi kumngojea amalize. Ukimya ule ndio aliokubali kuolewa nao.

"Tusifute," Ambokile alisema hatimaye. "Nimezoea nilivyo. Ila wewe ndiye fundi."

Gari la kiwanda liliingia uani na kusimama. Gwakisa, dereva, alishuka mbio kuikwepa mvua akiwa na kasha la sampuli kichwani. Yeye na Ambokile walisoma pamoja tangu darasa la kwanza.

"Ambo, ile sampuli ya Jumatano ume..."

"Imeungua. Waambie wapunguze moto wa kukaushia."

"Sijamaliza kuuliza."

"Umemaliza."

Gwakisa alimgeukia Tusekile, akitikisa maji mabegani. "Shemeji, nasikia mnataka kumfuta huyu. Futeni vingine vyote, ulimi mtuachie. Ule ni mali ya kiwanda."

"Ulimi ni wake, shemeji. Haumo kwenye kipandikizi."

"Basi mkimwekea mpya, ongezeni na adabu. Tangu tunajifunza irabu hajawahi kuniacha nifike mwisho wa sentensi."

Wote walicheka. Tusekile alicheka kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa na siri tamu: wengine Ambokile aliwakatiza, yeye alimngojea. Hakuhitaji ushahidi mwingine wa kupendwa. Mara moja tu ndipo ukimya ule ulipomgeukia, siku alipouliza, "Ulimpenda Subilaga?" Ambokile alinyamaza kama kawaida, akajibu, "Hayo yamepita." Tusekile aliurudia ukimya ule kichwani kwa miezi, akitafuta kilichojificha ndani yake, kama mtu anayetafuta sindano katika chungu cha maziwa.

*

Kabla ya kusakinisha, fundi mwangalifu hujaribu kwanza. Mfumo mpya huwekwa kwenye flashi ndogo yenye sumaku, hubandikwa nyuma ya sikio, na kipandikizi huuendesha kutoka huko bila kuandika chochote ndani. Ukiondoa flashi, mambo hurudi yalivyokuwa. Tusekile alikuwa amefanya hivyo kwa wagonjwa wengi. Kwa mumewe hakuwahi.

Alifanya asubuhi, wakiwa wamekaa meza ya chakula. Ambokile alifumba macho wakati mfumo wa zamani unazima, kichwa kikalegea kidogo, kisha akafumbua.

"Unajisik..."

"Vizuri. Mkono wa kulia unatetemeka, mguu siuamini, lakini kichwa ni chepesi, kama nimevua kofia ya chuma. Hizi pazia ulibadilisha lini?"

"Mwaka jana."

"Mbaya." Akacheka, kicheko kirefu cha kooni ambacho Tusekile hakuwahi kukisikia. "Kwani nilisema ni nzuri?"

Mkono kutetemeka na mguu kusita vilikuwa mambo ya kutarajiwa; mfumo safi haujui mwili wa mtu. Tusekile aliyaandika. Kilichofuata kilikuwa kupima usemi. Faili ya mgonjwa, iliyojazwa na Subilaga miaka ile, ilisema Ambokile ana kigugumizi baada ya kiharusi, kinachodhibitiwa kwa mpangilio maalumu. Mfumo wa majaribio haukuwa na mpangilio huo. Kwa hiyo kigugumizi kilipaswa kujitokeza.

"Sasa nataka u..."

"Nisome. Lete." Aliunyakua ukurasa kwa mkono uliotetemeka na kuusoma kwa kasi, bila kukwama hata kwenye neno moja, kisha akausoma tena kinyumenyume kwa mchezo. Alimwaga chai akifikia kikombe. Hakujali. "Tuse, nibakize hivi."

"Huwezi hata kushika..."

"Nitajifunza. Mtoto hujifunza. Nibakize hivi."

Aliondoa flashi bila kumjibu. Ambokile alifumba macho, akafumbua, akaitazama chai iliyotapakaa mezani.

"Unakumbuka ulichosema?" Tusekile alimuuliza.

Ukimya. Kisha: "Nakumbuka. Nilisema unibakize vile. Na pale nilimaanisha." Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza kwa mkono uliotulia, mkono wa vipimo vya Subilaga. "Sasa hivi sitaki. Ajabu, sivyo? Kila mmoja anajipigia kura mwenyewe."

Kanuni zilisema ridhaa ya mgonjwa huchukuliwa chini ya mfumo unaotumika. Tusekile alikuwa ameijua kanuni hiyo tangu chuoni na hakuwahi kuona ubaya wake. Sasa aliuona. Ni sawa na kuendesha uchaguzi ndani ya nyumba ya mgombea mmoja.

Lakini hilo lilimsumbua baadaye. Kwa wakati ule alikuwa anawaza kigugumizi ambacho hakikuwepo.

Walezi wana adabu yao, isiyoandikwa katika kanuni yoyote. Mlezi mpya hafungui mipangilio ya aliyemtangulia maadamu mgonjwa anatembea na anakula. Wakubwa wa kazi huwaambia wanafunzi: usichokoze kinachotembea. Tusekile aliishika adabu hiyo kwa miaka yote ya ndoa, na aliishika kwa bidii kuliko wenzake, kwa sababu hakutaka kuuona mwandiko wa mwanamke yule, jinsi anavyopanga mistari, jinsi anavyoyaita mambo. Alijiambia ni heshima. Ilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya heshima.

Ambokile alipokwenda kazini, alifungua.

Mwandiko ulikuwa mzuri. Hilo alilimeza kwanza, kama dawa. Subilaga alipanga mambo yake kwa usafi ambao Tusekile aliutambua, kwa uchungu, kuwa ni wake mwenyewe. Mguu, vidole, kumeza, kukohoa. Kila kitu na sababu yake. Katika usemi alikuta mpangilio uliotajwa kwenye faili. Ulikuwa mstari mmoja. Uliamuru kipandikizi kizuie jibu la Ambokile kwa muda usiofikia sekunde, akisemeshwa. Haukuwa na uhusiano wowote na kigugumizi. Na haukufanya kazi kwa kila aliyemsemesha. Ulikuwa na sharti: uamke pale tu inaposikika sauti ya mlezi.

Tusekile alisoma sharti lile mara kadhaa, ingawa alilielewa mara ya kwanza.

Sauti ya mlezi. Si ya Gwakisa, si ya wenzake kiwandani. Ya yule mwenye ufunguo, yeyote awaye. Siku ile ya makabidhiano mashine ilipobadilisha jina la mlezi, mstari huu ulihama nao, bila mtu kuuambia, kutoka kwa Subilaga kwenda kwake. Akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulipa maana: saa moja kabla ya makabidhiano, kwenye benchi la kliniki, alimsalimia Ambokile, naye akaikatiza hata ile salamu. Baadaye alijieleza kwamba mtu yule alikuwa na haya, na haya imemtoka.

Siku zote alikuwa amemwonea wivu Subilaga kwa mguu na mkono. Kumbe hivyo vilikuwa vidogo.

*

Subilaga alikuja siku ya tatu baada ya kupigiwa simu. Hakuuliza sababu, alisema tu, "Nilikuwa nangoja hiyo simu tangu watangaze mwisho wa toleo." Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi alizoziacha kwa makusudi, na aliegemeza mwavuli wake mlangoni mahali palepale ambapo mwavuli wa nyumba huegemezwa. Hakuhitaji kuonyeshwa. Tusekile alilitambua hilo pia.

"Karibu, dada."

"Ndaga, asante, mdogo wangu. Mmepaka rangi."

"Kuta zilikuwa na unyevu."

"Zilikuwa nao tangu zamani. Ukuta wa huku utauona tena."

Walikaa na mashine katikati yao. Kwa muda walizungumza kama mafundi, na mazungumzo ya mafundi yana visu vyake. Subilaga aliuliza kama kumeza bado kunachelewa. Tusekile alisema alikurekebisha kwa saa moja. Subilaga alisema vizuri, yeye kulimchukua mwezi, lakini wakati ule hapakuwa na wa kumwiga.

"Kigugumizi kiko wapi?" Tusekile aliuliza.

Subilaga hakushtuka. "Hakijawahi kuwepo."

"Uliandika kwenye faili ya mgonjwa."

"Niliandika. Ilibidi mstari uwe na sababu." Alikunja mikono juu ya meza. "Umewahi kumwona bila huo mstari?"

"Juzi. Kwa majaribio."

"Basi umeonja kijiko. Mimi nilikunywa sufuria. Nimeishi naye kabla ya kiharusi, mdogo wangu. Ukianza kusema neno, yeye ameshalimaliza, amelijibu na ameliweka kabatini. Si mtu mbaya. Hakuwahi kuninyanyulia mkono, hakuwahi kuninyima. Ila katika nyumba hii sikuwahi kufika mwisho wa sentensi. Halafu akaanguka, nikapewa ufunguo. Nilikaa kiti hicho ulichokalia. Nimemaliza mguu, nimemaliza mkono, nimefika kwenye usemi, na pale pana nafasi ya kuweka muda wa kujibu, iko tupu. Ungefanyaje?"

"Ningemuuliza."

"Ungemuuliza, naye angekujibu kabla hujamaliza." Aliyasema bila kucheka. "Nilijiambia nitaweka kwa siku mbili, nipumzike. Asubuhi yake nikamwambia nimeota ndoto. Akangoja. Nikamsimulia ndoto nzima, Tusekile. Mpaka mwisho. Nililia mbele yake na hakujua kwa nini."

"Sasa kwa nini uliondoka, kama alikusikiliza?"

"Kwa sababu nilijua. Kila aliponingojea, nilijua ni mimi ninayejingojea. Nilichoka kupendwa na kazi ya mikono yangu." Aliuangalia ukuta wenye unyevu. "Wewe hukujua. Ndiyo maana kwako ilifanya kazi."

Tusekile alitaka kusema jambo kali, na alikuwa nalo, lakini wivu uliokuwa umemkaa kifuani kwa miaka ulijigeuza pale pale ukamwonyesha uso mwingine. Alikuwa amedhani Subilaga alimwachia mabaki. Ukweli ulikuwa kinyume. Subilaga ndiye aliyekuwa na Ambokile mwenyewe, mzima, mkatizaji, mwenye kicheko cha kooni; aligombana naye, alilala naye, alimchoka. Yeye Tusekile aliolewa na mstari. Katika nyumba hii ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kuwa na mume, na alikuwa ameegemeza mwavuli wake mlangoni.

"Ulimpenda?" Tusekile aliuliza.

"Hilo muulize yeye kama alinipenda mimi. Ndilo unalotaka kujua." Subilaga aliivuta mashine, akaingiza ufunguo wake wa saini, akavitia saini vifurushi vyake kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama anayekunja nguo za mtu aliyesafiri. "Nimemaliza. Ukipandisha toleo vyote vitakubaliwa, na mstari utahama navyo. Mtaishi vizuri. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nimeshazoea kujua." Alisimama. "Ukisakinisha upya, usiniite kuniambia yukoje. Hilo tu naomba."

*

Ambokile alirudi jioni akiwa na harufu ya majani mabichi. Tusekile alimngoja ale kwanza, ndizi na maziwa ya mtindi. Aliipanga hoja yake kama anavyopanga ripoti: ukweli, chanzo, athari, njia zilizopo. Alifahamu vema kwamba angeweza kunyamaza. Saini ilikuwepo. Kupandisha toleo kulikuwa halali, ridhaa ya mgonjwa ilikuwa imeshatolewa barazani, na yeye angeendelea kuwa mwanamke anayengojwa. Angepoteza kitu kimoja tu, kule kutojua, na hicho alikuwa ameshakipoteza.

Akamwambia yote. Mstari, sharti, kigugumizi cha uongo, benchi la kliniki. Alimaliza kila sentensi. Ambokile hakumkatiza hata mara moja, na kwa mara ya kwanza jambo hilo lilimchukiza.

Alipofika mwisho, Ambokile alinyamaza. Tusekile alijua sasa ukimya ule una urefu gani, lakini huu uliupita. Mstari ulikuwa umemaliza kazi yake na yeye bado amekaa, ameshika ukingo wa meza.

"Nikikujibu sasa," alisema, "nani amejibu?"

"Sijui."

"Zima huo mstari kwanza. Halafu niulize."

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Aliweka alama mbele ya mstari, mfumo ukausahau. Mguu na mkono vilibaki vilivyo.

"Ambokile," alisema, "unataka nipandishe toleo au nisa..."

"Futa."

"Sijamali..."

"Futa yote. Mguu nitaufundisha, mkono nitaufundisha. Miaka yote hiyo watu wawili mnanishika ulimi kama mnashika ng'ombe pua, na mmoja amekufa moyo na mwingine amefurahi. Na wewe ulijua lini?"

"Wiki hii tu, nilipo..."

"Wiki hii. Na kama usingefungua?"

Ambokile aliinuka, akatembea mpaka dirishani kwa mwendo mzuri wa Subilaga, akageuka.

"Sijakasirika na wewe," alisema. "Nimekasirika. Wewe uko karibu tu."

"Unaweza kubadili mawazo mpaka..."

"Sibadili."

*

Alikifuta kipandikizi kliniki, mbele ya fundi mwenzake kama kanuni zinavyotaka. Hakuhifadhi nakala ya vifurushi vya Subilaga. Fundi mwenzake alimuuliza mara mbili kama ana hakika, maana nakala haili chakula. Tusekile alisema anayo hakika. Sehemu ya hakika hiyo ilikuwa haki ya mgonjwa. Sehemu nyingine ilikuwa furaha chafu ya kumtoa yule mwanamke nyumbani, mguu kwa mkono, na hakujidanganya kwamba haipo. Aliziacha zote mbili zikae, kwa kuwa safari hii kazi iliyotakiwa ilikuwa ileile.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Ambokile alianguka uani, akavunja vikombe, akavaa malapa kwa sababu kamba za viatu zilimshinda. Alimkatiza Tusekile asubuhi, mchana na jioni. Alimaliza sentensi zake vibaya, akazijibu zile alizozimaliza yeye mwenyewe, na alipokosolewa alicheka kwa koo. Akasema pazia zile ziondolewe. Gwakisa alikuja na sampuli, akawasikiliza wakibishana juu ya chumvi, akasema, "Sasa shemeji umekuwa mmoja wetu. Karibu kwenye foleni." Tusekile alijifunza kuanza na neno muhimu, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na hakika ya kufika. Kuna siku alimchukia. Kuna siku alijikuta anamkatiza pia, na nyumba ikajaa nusu za maneno, na siku hizo hazikuwa mbaya kuliko zote.

Asubuhi moja Ambokile alipanga vikombe vya sampuli mezani, mkono ukiwa umetulia karibu vya kutosha. Alivuta chai kwa ile sauti kali ya waonjaji, akatema kwenye ndoo, akaandika alama. Nje ilikuwa inanyesha. Tusekile alikuwa na swali ambalo aliwahi kuliuliza likajibiwa kwa ukimya, na sasa ukimya haukuwepo tena wa kulificha jibu. Aliona ni haki kulipima upya.

"Ulimpenda Subi..."

"Sana." Akavuta kikombe kingine. "Nilimpenda sana, nikamchosha, sikujua nimemchosha mpaka alipokwenda. Chai hii imelala, haina nguvu."

Tusekile alikaa na jibu hilo. Liliuma mahali alipojua litauma. Basi akauliza la pili, maana aliyefungua jeraha nusu hajafanya kazi.

"Na mi..."

"Sijui bado," alisema Ambokile. Aliweka kikombe chini na kumtazama, macho kwa macho. "Wewe ndiyo kwanza nimeanza kukuona."

Akamsukumia kikombe kilichofuata, ili naye aonje.

Tusekile alikishika kwa mikono yote miwili. Aliligeuza jibu lile kama alivyozoea kuligeuza kosa kwenye skrini, akitafuta ndani yake mkono wa mwanamke mwingine. Aliutafuta kwa uangalifu, mwanzo mpaka mwisho. Halikuwa jibu zuri. Lakini hapakuwa na mtu ndani yake isipokuwa mumewe, na lilikuwa limemwendea yeye.

Akainywa chai ingali moto.